Nataka MP3 iingie moja kwa moja kwenye amplifaya ya gari, bila redio. Inawezekana?

Mwana Kisauni

Assalam aleikum wadau. Nina Probox, nabeba nayo mboga kutoka Kongowea kila alfajiri napeleka mjini, siku nyingine hadi Likoni. Redio iliyokuja na gari iliungua na sijaweka nyingine. Lakini buti ina spika mbili na amplifaya niliyouziwa na jirani, zote nzima.

Muziki wangu uko kwenye MP3 ndogo ya vibonyezo, kama kiberiti hivi. Humo mna taarab za harusini ambazo marehemu baba alizirekodi kwa kaseti, mjomba akazihamisha moja moja. Sitaki kuziweka kwenye simu, maana simu ndiyo ya kazi na hailali.

Nilinunua kebo pale Mwembe Tayari, huku ina pini ya earphone, huku vichwa viwili, chekundu na cheupe. Nikachomeka, kimya. Taa ya amplifaya haikuwaka kabisa. Nikaenda kwa fundi, akachukua kipande cha waya akaunganisha pale palipoandikwa REM na pale pa 12V. Ikaimba papo hapo! Wallahi nilifurahi. Siku ya pili saa kumi alfajiri natoka kwenda sokoni, gari haliwaki, betri imekufa. Mzigo wa siku ile niliukosa.

Sasa fundi anasema lazima ninunue redio, eti MP3 haina nguvu ya kuendesha amplifaya. Tena nikiichaji MP3 kwenye tundu la kiberiti huku naendesha, kuna mluzi kwenye spika, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Nisaidieni.

Waya Mwekundu

Waaleikum salaam ndugu yangu. Miaka mingi nafanya waya za magari hapa Changamwe, na hilo la betri limeniuma, kwa sababu kosa si lako.

Amplifaya huwa inasubiri kuamshwa. Redio ya gari ina waya mwembamba, mara nyingi wa buluu wenye mstari mweupe, unaotoa volti 12 redio ikiwashwa, nao huenda REM. Wewe huna redio, kwa hiyo hakuna wa kuiamsha. Ule uunganisho wa fundi umeiamsha, ila umeinyima usingizi. Amplifaya ikiwa macho, hata bila muziki, yaweza kunywa karibu ampea moja. Ihesabu usiku kucha, kwenye betri ndogo ya Probox ambayo pengine imeshachoka.

Ondoa hicho kipande leo. Chukua tasta, fungua boksi la fyuzi, tafuta fyuzi iliyo na umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC, yaani kabla ya kuwasha injini, na isiyo nao ukiuchomoa. Ile ya tundu la kiberiti mara nyingi ndiyo, lakini ipime. Toa hapo waya mwembamba, utie kifyuzi cha ampea 1, upitishe kwenye swichi ndogo ya dashibodi, kisha nyuma hadi REM. REM haihitaji umeme mwingi, ni ishara tu. Ukichomoa ufunguo, amplifaya inalala hata ukisahau swichi.

Na waya mnene unaotoka kwenye betri, una fyuzi? Wapi?

Mkaazi wa Tudor

Kaka, mie nitakwambia tofauti. Nunua redio ndogo yenye tundu la AUX na yamekwisha. Waya wa REM unao, sauti unaipunguza mbele bila kuangalia chini. Haya mengine ni kazi nyingi.

Waya Mwekundu

Mkaazi, sikatai, redio ni rahisi kutumia. Lakini ameuliza kama ni *lazima*, na si lazima. MP3 haiendeshi spika, inapeleka ishara tu. Nguvu inatoka kwenye amplifaya. Tundu la earphone hutoa kama nusu volti hadi volti moja, na amplifaya nyingi za gari hukubali kuanzia volti 0.2. Inatosha.

Mwana Kisauni

Fyuzi ya waya mnene iko nyuma kwenye buti, karibu na amplifaya.

Waya Mwekundu

Hapana, ndugu yangu. Hilo lishughulikie kabla ya muziki. Fyuzi ikae mbele, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya huo unapita chini ya zulia gari zima. Ukichubuka ukagusa bodi, fyuzi ya nyuma haitajua lolote, waya utawaka moto na wewe umekaa juu yake. Pale unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani, hakikisha tundu lina mpira.

Dada wa Bamburi

Kuhusu mluzi, ulinisumbua mwaka mzima. Unatoka kwenye altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ndiyo maana unafuata mwendo wa injini. MP3 inapochajiwa na gari lile lile linaloilisha amplifaya, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, inakuwa na njia mbili, moja kupitia chaja, nyingine kupitia kebo ya muziki, na uchafu wa umeme unapita humo. Jaribu hivi: chomoa chaja huku muziki unaendelea. Mluzi ukikata, ndiyo huo.

Nilinunua kile kidude cha kutenganisha ethi kinachokaa katikati ya kebo. Mluzi ulikwisha, lakini changu kilikuwa cha bei ndogo na kikanila besi. Sasa natumia pawabenki. Naichaji nyumbani, ndani ya gari inailisha player, haigusi umeme wa gari. Kimya kabisa.

Na usisahau hewa yetu hii ya chumvi. Angalia ule waya mweusi wa amplifaya ulipofungwa kwenye bodi. Wangu ulikuwa na kutu chini ya nati.

Mwana Kisauni

Nimerudi. Nimefanya yote Jumapili, kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Fyuzi iko mbele. Swichi iko kando ya usukani. Nati ya ethi, dada, ulijua! Ilikuwa ya kahawia yote. Nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Siku tatu sasa gari linawaka mara moja.

Lakini sauti imekuwa ya ajabu. Nasikia besi tu, dum dum, mwimbaji simsikii, na sijui nimegusa nini.

Waya Mwekundu

Umegusa swichi ndogo ubavuni mwa amplifaya. Iko kwenye LPF, hiyo hupitisha besi tu, ni ya wufa (spika ya besi) peke yake. Irudishe FULL.

Ukiwa hapo hapo, panga sauti. GAIN, ile ya kupanga amplifaya iikuze kiasi gani ishara inayoingia, ishushe mpaka mwisho. Kwenye MP3 zima besi zote za ziada, uipandishe hadi kama robo tatu, halafu zungusha GAIN polepole na bisibisi mpaka muziki uanze kupasuka, urudi nyuma kidogo. Baada ya hapo sauti unaipunguza kwa vibonyezo vya MP3. Na usichomoe kebo amplifaya ikiwa inawaka, mlio wake huumiza spika. Zima swichi kwanza.

Mkaazi wa Tudor

Kebo ya muziki nayo ipitishe upande wa pili wa gari, mbali na waya mnene. Na hiyo MP3 usiiache juu ya dashibodi mchana, jua letu litaivimbisha betri.

Mwana Kisauni

FULL ndiyo ilikuwa dawa. Udi nausikia waya kwa waya. Imebaki shwaa nyembamba nyuma ya muziki. Ni GAIN?

Waya Mwekundu

Simamisha wimbo bila kuzima amplifaya. Shwaa ikibaki, ni GAIN, ishushe kidogo. Ikikatika, imo kwenye rekodi.

Mwana Kisauni

Nimejaribu nikiwa kwenye foleni ya feri. Imekatika. Ni ya kaseti ya baba. Basi hiyo sitaigusa.