Bastola "ya Vita vya Tanga 1914": naomba msaada wa kusoma mihuri kabla sijatoa pesa

Hela Mbili wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha vitu vya kale Ngamiani, hapa Tanga, Barabara ya 8. Nauza karabai, masanduku, saa za ukutani na hela za Mjerumani. Sarafu nazijua. Ukiniletea hela ya 1913 naiangalia herufi yake ndogo: A imetoka Berlin, J imetoka Hamburg, na zile za 1916 zenye T zilipigwa Tabora. Hapo hunipati tena. Nasema "tena" kwa sababu nilishaliwa mara moja na rupia 15 ya "dhahabu", tembo wake mzuri kabisa, na wiki ya pili ikaanza kuota kijani kama bomba la maji.

Sasa nimeletewa nisichokijua. Kuna familia Mwambani, babu yao kafariki, na kwenye sanduku lake ikatoka rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, imeviringishwa kwenye kanga kuukuu. Mpwa wa marehemu anasema iliokotwa Ras Kazone Novemba 1914, siku ile nyuki walipowatimua askari wa Mwingereza waliotua kupigana na Mjerumani. Anataka milioni mbili na nusu.

Mimi sijaishika. Aliishika yeye, mimi nikapiga picha. Zilitoka giza, kwa hiyo nikaweka karatasi ya daftari juu ya mihuri nikasugua kwa penseli, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kwa shilingi. Ubavu wa kulia, chini ya nyundo, pametokea taji, chini yake ENFIELD, halafu No 2, halafu MK I na kitu kama kinyota, mwisho 19 na tarakimu mbili ambazo zimesuguliwa hazisomeki. Kwenye mtutu kuna taji jingine na herufi BNP, pembeni .38, .767 na 3½ TONS. Kuna pia vimishale viwili vimegusana ncha kwa ncha. Nyundo haina ile pembe ya kuvutia kwa dole gumba, nadhani ilivunjika.

Ni ya 1914 kweli?

Simba wa Pangani

Taji hilo la Kaisari mkuu. Wajerumani walikuwa wanagonga taji kila mahali. Chukua haraka kabla hajatokea mtalii akakuzidi dau.

Mama Karafuu

Simba, na ENFIELD nayo ni ya Kaisari?

Kaka Hela Mbili, mimi mihuri siijui ila nakuuliza moja: kibali unacho? Silaha ina sheria yake, ya mwaka 2015, na haisemi kwamba ya babu haihesabiki. Kesho utakutwa nayo kwenye mfuko wa rambo juu ya bodaboda, uanze kumweleza askari habari za nyuki.

Fundi Silaha Mstaafu

Nimekaa karakana ya silaha miaka mingi, sasa nipo Pongwe nafuga kuku. Mama Karafuu amesema la kwanza na mimi nitalirudia mwishoni. Kwanza tusome, maana kijana amefanya kazi nzuri na penseli yake.

Taji peke yake halikuambii taifa. Mjerumani alikuwa na lake, Mwingereza ana lake. Bastola ya Kijerumani ya enzi hizo, ile P08 ambayo wengi wanaiita Luger, kama imetoka kiwanda cha serikali utakuta taji na chini yake neno ERFURT, na mwaka juu ya chemba, pale risasi inapokaa. Kama imetoka Berlin utakuta herufi DWM zimesukwa pamoja. Wakaguzi wao waligonga herufi za mtindo wa Kigothi, kila moja na kitaji kichwani. Rivolva zao za 1879 na 1883 zilikuwa za milimita 10.6, dude zito, ukiliona hulisahau. Wewe hapo una .38 ya inchi, tundu jembamba zaidi.

Enfield ni kiwanda cha serikali ya Uingereza. "No 2 MK I", yaani namba 2 toleo la kwanza, ni rivolva waliyoipitisha 1932. Miaka kumi na minane baada ya nyuki wa Ras Kazone! Na hicho kinyota usikipuuze. MK I yenye nyota ilikuja 1938, na tofauti yake kubwa ndiyo hiyo unayodhani ni uvunjifu: nyundo haikuwekewa pembe. Huwezi kuivuta kwa dole, unavuta kifyatulio tu mpaka mwisho. Za mwanzo nyingi zilirudishwa karakana zikakatwa pembe, zikagongewa nyota. Maofisa wa Kiingereza waliotua Tanga 1914 walibeba Webley za .455, tundu lake linaingia kidole.

Kwa hiyo hata aliyesugua zile tarakimu mbili amejisumbua. Ameacha No 2, ameacha nyota.

Sasa uhondo. Vimishale ncha kwa ncha: mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Wakikuongezea wa pili wakagusanisha ncha, maana yake imetolewa jeshini, imeuzwa. Na ile taji yenye BNP ni muhuri wa jaribio wa Birmingham, wa kiraia, kwa kanuni za 1954. Pale walijaza risasi ya nguvu zaidi, wakafyatua, ikisalimika ndipo inagongwa. .767 ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, 3½ TONS ni shinikizo iliyopimiwa, tani kwa inchi ya mraba.

Kwa hiyo kijana, chuma hicho kilikuwa Birmingham, Uingereza, kinajaribiwa ili kiuzwe kwa raia, mwaka 1954 au baada yake. Hakijalala sandukuni Mwambani tangu vita vya Wajerumani. Mimi nabashiri kilikuja na bwana mmoja wa shamba la mkonge, lakini huo ni ubashiri wa mfuga kuku.

Siku nyingine ukitaka kujua muhuri umefojiwa, piga tochi kwa ubavu, usiimulike usoni. Muhuri uliogongwa kwa nyundo unasukuma chuma, ukingo wake unanyanyuka kidogo kama udongo pembeni ya shimo la panya. Ile ya kiwandani waligonga, wakalainisha ukingo, ndipo wakakipa chuma ile rangi nyeusi ya bluu, kwa hiyo mpaka ndani ya herufi ni kweusi. Ukikuta sakafu ya herufi inang'aa na chuma kinachoizunguka ni cheusi, jua imegongwa baada ya rangi: kwa muhuri wa jaribio kama BNP ni kawaida, kwa jina la kiwanda na mwaka shtuka. Na ukikuta imekwanguliwa kama kwa msumari, basi hiyo ni kalamu ya mtu.

La mwisho. Usinunue, usibebe, usimwombe mpwa akuletee dukani. Silinda ilifunguliwa mbele yako? Hukusema, na hilo limenikosesha raha tangu nilipoanza kusoma. Risasi ya miaka sitini bado ni risasi. Wairudishe kwenye kanga yake, wasiichezee, mkubwa wa familia aende kituoni *bila* bastola, aeleze, polisi waje waichukue.

Simba wa Pangani

Mzee shikamoo. Nimefuta kauli.

Fundi Silaha Mstaafu

Marahaba. Taji huwa linachanganya wengi.

Hela Mbili wa Ngamiani

Mzee wangu shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Silinda haikufunguliwa. Niliposoma mstari huo saa nne usiku nilimpigia mpwa papo hapo nikamwambia asiiguse. Akakasirika, akasema nataka kumshushia bei. Nikamsomea habari ya BNP na 1954, akanyamaza, kisha akasema labda babu aliibadilisha na mwenzake. Sikubishana naye.

Shangazi yao mkubwa ndiye aliyemaliza mambo. Jana alikwenda kituoni, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Askari wawili walikuja nyumbani, mmoja akaifungua kwa uangalifu mkubwa. Zilikuwemo mbili. Kichwani zimeota kutu ya kijani, kama ile rupia yangu. Mpwa alikaa chini kabisa, kwenye kizingiti.

Nilinunua sanduku na vilivyobaki ndani: mkasi, tasbihi iliyokatika, na mfuko wa hela kumi na moja. Hela ni halisi, nne zina J.

Fundi Silaha Mstaafu

Hizo nne za mwaka gani?