Kilemba ana uchungu

*Kikundi: WANA WA BARABARA YA 14 (Ngamiani, Tanga). Jumapili.*

07:04 Zuhura: Asalaam aleykum wana ukoo. Shikamoo bibi, shikamoo ami, shangazi. Jamani kuku wetu Kilemba kaamka mgonjwa. Jana kapanda bandani mwenyewe mzima, leo kasimama pembeni ya pipa, manyoya kayatimua, macho anafumba. Hali wala hanywi. Nasra analia mpaka kwikwi.

07:05 Zuhura: 📷 Picha

07:09 Ami Bakari: Waaleykum salaam, marahaba. Huyo ana kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Mchinje sasa hivi kabla hajawa kibudu

07:09 Ami Bakari: Kisu kiko droo ya juu

07:10 Salim: Ami hata chai hujanywa 😂

07:11 Ami Bakari: Natoka Makorora sasa hivi. Nazi 2 nanunua njiani. Kuku wa kupaka, Jumapili imetimia

07:12 Zuhura: Ami, hizi meseji Nasra ndiye anazisoma.

07:15 Shangazi Mwanaisha: Msimcheke Bakari. Mwaka jana kideri kilinipitia huku Bagamoyo, kuku 14 kwa siku nne. Asubuhi mmoja kazubaa hivyo hivyo, jioni watatu. Nilibaki na bata tu wananitazama. Mtenge na wenzake kwanza, mengine baadaye.

07:16 Zuhura: Nishamtenga shangazi, yuko kwenye tenga jikoni.

07:18 Salim: Mtilie OTC, ile antibiotiki, kwenye maji. Mimi wangu nikiona kazubaa tu, OTC

07:20 Ami Bakari: OTC ya nini, pilipili kichaa na majivu. Au kisu

07:33 Halima Muheza: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa nakamua, simu ilikuwa ndani. Zuhura usimpe kitu chochote bado. Salim, kideri ni virusi, OTC haikigusi. Ukimpa bila sababu mayai yenyewe hamtayala siku kadhaa.

07:34 Halima Muheza: Nijibu. Kinyesi rangi gani? Shingo imepinda? Anahema kwa mdomo? Na wenzake?

07:38 Zuhura: Kinyesi kidogo tu, cheupe majimaji. Shingo sawa. Hahemi kwa mdomo. Wale watano wanagombania pumba kama kawaida. Ila dada ana homa, mwili unachoma!

07:40 Halima Muheza: Joto achana nalo. Kuku mzima kabisa ana nyuzi 41 na kitu. Ingekuwa wewe una 41 saa hizi tungekuwa hospitali ya Bombo. Kideri ningetegemea kuharisha kijani, kuhema, mabawa kulegea, shingo kuja kupinda. Lakini bado mapema, siwezi kuapa, abaki kwenye tenga na mtu akimshika anawe mikono. Gole likoje? Papasa chini ya shingo taratibu.

07:42 Zuhura: Tupu. Halina jiwe wala maji.

07:42 Halima Muheza: Ametaga lini mara ya mwisho?

07:46 Zuhura: Karani wa mayai ni Nasra. Anasema Ijumaa, tena lile lilikuwa na ganda laini kama karatasi. Jana kaingia kiotani mara nne, katoka mtupu.

07:47 Halima Muheza: Aaah. Nitumie video, nimwone anavyosimama.

07:50 Zuhura: 🎥 Video (0:19)

07:53 Bibi: 🎤 0:52

07:54 Ami Bakari: Mama niko kwenye boda, sisikii. Mtu aandike

07:57 Salim: Bibi anasema: "Huyo ana uchungu. Mtazameni mkia unavyopanda na kushuka, mtazameni alivyotanua miguu. Nusu ya Ngamiani nimeizalisha mimi, leo mnataka kuchinja mzazi?" Halafu kuna maneno juu ya ami, hayo siandiki.

07:58 Shangazi Mwanaisha: 😂😂😂 Mama wangu!

08:01 Halima Muheza: Bibi kaniwahi. Alisomea chuo cha mifugo Buhuri nini? Zuhura, yai limekwama. Sikiliza vizuri. Beseni, maji ya vuguvugu, pima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mkalishe humo, tumbo na mkia vizame, kichwa na kifua nje. Dakika 20, yakipoa ongeza. Usimkamue tumbo!! Yai likipasukia ndani vipande vinamchana, uchafu unaingia, hapo ndiyo anakufa kweli. Ukimtoa, mpake mafuta ya nazi pale pa kutagia, kwa nje na ukingoni tu. Mkaushe sawasawa, mrudishe kwenye tenga, lifunike kwa kanga pawe giza na kimya. Maji ya kunywa karibu.

08:02 Zuhura: Mafuta ya nazi ni yale ya bibi ya nywele.

08:03 Bibi: 🎤 0:04

08:03 Salim: Bibi: "Chukua."

08:21 Zuhura: Jamani kasinzia ndani ya beseni. Kilemba chake kimelowa, kama mama mkwe aliyenyeshewa.

08:26 Zuhura: Ami kafika. Kaona kuku kwenye maji ya moto, kasema "mashallah, mmeshaanza kunyonyoa". Nasra kamrukia.

08:31 Ami Bakari: Nimetolewa jikoni. Mama kasema wanaume hawakai uzazini. Niko barazani na nazi zangu

09:10 Salim: Vipi?

09:11 Zuhura: Bado.

09:40 Salim: Hilo yai limekuja Tanga. Waja leo, kuondoka majaaliwa

09:44 Halima Muheza: Mpaka adhuhuri likiwa bado, mrudie beseni mara moja, na hapo hapo mtafute daktari wa mifugo. Pengine atamchoma kalsiamu. Msikae naye mpaka kesho. Na asije mtu akatia kidole kwa kiherehere.

10:37 Zuhura: LIMETOKAAAA mimi nasra LIMETOKA

10:38 Zuhura: 📷 Picha

10:39 Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillah! Mbona kubwa hivyo, la bata?

10:41 Zuhura: Ganda lote linakwaruza. Kasimama, kajikung'uta, kanywa maji kama katoka Pangani kwa miguu.

10:47 Halima Muheza: Alhamdulillah. Sasa Zuhura nikuulize bila kuoneana haya: wanakula nini?

10:48 Zuhura: Pumba. Na ukoko wa wali.

10:53 Halima Muheza: Ndiyo hapo. Ganda la yai moja linabeba kama gramu 2 za kalsiamu, na mwili unalitengeneza kama saa 20. Pumba na ukoko hazina hiyo. Kuku anajichota kwenye mifupa yake, ikipungua ganda linalegea, na misuli ya kusukuma yai nayo inakosa nguvu. Lile la Ijumaa lilikuwa linakwambia. Maganda ya mayai yakaange, yatwange laini kabisa, lisionekane umbo la yai, wasije wakajifunza kuyadonoa. Nasra akienda Raskazone aokote makombe, ayaoshe chumvi, ayatwange. Weka kwenye kifuu pembeni, anayehitaji atadonoa mwenyewe. Na dagaa kidogo. Siku mbili tatu hizi akae pagizagiza apumzike kutaga.

10:55 Shangazi Mwanaisha: Na kideri? Leo kimetuepuka, hao sita wamechanjwa?

10:56 Zuhura: …

10:58 Halima Muheza: Najua maana ya nukta hizo. Jumamosi nakuja na chanjo. Tone moja jichoni, kisha unarudia kila miezi 3. Kikimwingia hakina dawa, shangazi kawaeleza. Chupa ikishachanganywa haiwekwi akiba na kuku sita hawaimalizi, kwa hiyo Salim pita nyumba hadi nyumba hapo mtaani, wenye kuku wachangie.

11:00 Salim: Sawa dada. Wa kwanza ami, ana majogoo mawili

11:02 Ami Bakari: Mchango nitatoa. Sasa hizi nazi nizifanyeje

11:04 Bibi: 🎤 0:07

11:05 Salim: Ami, bibi anasema kuna mbuzi.

11:05 Ami Bakari: Mbuzi?? Wa nani? Nilete kisu?

11:06 Salim: Iko uvunguni mwa kitanda chake. Kaa ukune, kisamvu kishatwangwa.