Ada ya usafi: itozwe peke yake au iwe ndani ya bei ya usiku?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo linalowakera wageni wengi na ambalo wenyeji wengi hulitetea kwa nguvu zote. Mtu anapopangisha nyumba au chumba chake kwa siku chache, je, ni haki amtoze mgeni ada ya usafi kando ya bei ya usiku, au gharama hiyo iwe ndani ya bei kama zilivyo gharama za maji, umeme na intaneti? Msimamo wangu ni kwamba iwe ndani. Hoteli hufagia, hupiga deki na kubadilisha matandiko, lakini haimletei mgeni bili ya ufagio. Mwenyeji anayetangaza bei ndogo ya usiku, kisha, mgeni akiwa ameshachagua tarehe na kujaza jina lake, akamwongezea ada inayokaribia bei ya usiku mzima, amemvuta mtu kwa bei ambayo haipo.

Serikali nazo zimeliona hilo. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliitaka Airbnb, jukwaa la mtandaoni ambalo wenyeji hupangishia nyumba zao, imwonyeshe mgeni bei kamili, pamoja na ada ya usafi, tangu anapoanza kutafuta, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilikuwa imetekeleza. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inawalazimu wauzaji wa malazi ya muda mfupi kutaja jumla ya ada zote za lazima kila wanapotaja bei.

Mchangiaji wa kwanza (mwenyeji)

Ndugu mleta mada, mifano uliyoitoa inakugeuka. Hakuna hata mmoja kati ya hao uliowataja aliyepiga marufuku ada ya usafi; walichokataza ni kuificha, na kuficha ada ni kosa jingine kabisa. Tangu Aprili 2025 Airbnb inaonyesha duniani kote jumla ya bei pamoja na ada, kabla ya kodi, kwa hiyo malalamiko ya kushtukizwa mwishoni yanazidi kukosa pa kushika.

Tubaki basi kwenye hesabu. Usafi hauhesabiwi kwa usiku, unahesabiwa kwa mgeni anayetoka: awe amelala usiku mmoja au kumi, shuka za kumpokea anayefuata zinafuliwa mara moja na choo kinasuguliwa mara moja. Tuseme usafi mmoja unanigharimu sawa na bei ya usiku mmoja. Nikitoza ada kando, wa usiku mmoja analipa mara mbili ya bei, wa usiku 10 anaongezewa asilimia 10, na kila mmoja amelipia usafi mmoja aliousababisha. Nikiificha ndani ya bei kwa kukadiria kwamba wageni wangu hukaa usiku 3 kwa wastani, kila usiku unapanda kwa theluthi. Hapo wa usiku mmoja atalipia theluthi ya usafi, na wa usiku 10 atalipia usafi zaidi ya mara tatu ilhali amesafishiwa mara moja. Huyo wa pili amekosa nini?

Mfano wa hoteli haunishawishi. Kule mfanyakazi mmoja hupita chumba hadi chumba kwenye korido moja. Mimi namwita mtu avuke mji kwa ajili ya nyumba moja. Aidha, mgeni akighairi kabla ya kufika, ada iliyosimama peke yake hurudishwa bila mabishano, kwa kuwa hakuna kilichosafishwa. Ikishayeyuka ndani ya bei, inafuata masharti ya kughairi kama pesa nyingine.

Mchangiaji wa pili (mgeni)

Hesabu ya ndugu mwenyeji haina doa, ila imekaa mbali na mlango wa jokofu. Katika nyumba moja niliyolala, mlangoni hapo palibandikwa karatasi: vua shuka na foronya, anzisha mashine ya kufulia, osha vyombo vyote, fagia jiko, toa takataka hadi pipa la nje, na uwe umeondoka kabla ya saa nne asubuhi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakaa kwenye kigoda kuisikiliza mashine ikizunguka, maana niliogopa kupewa maoni mabaya. Ada ya usafi nilikuwa nimeshailipa. Nauliza bila kejeli: nililipia nini?

Mwishoni mwa mwaka 2022 Airbnb yenyewe iliwaambia wenyeji kwamba si haki kumtaka mgeni avue vitanda au afue. Kuzima taa, kutupa mabaki ya chakula na kufunga mlango kunatosha. Karatasi ile haikuwa imepata habari.

Mchangiaji wa kwanza (mwenyeji)

Karatasi ya namna hiyo siitetei. Kwangu mgeni anafunga mlango anaondoka.

Mchangiaji wa tatu (msafishaji)

Mimi ndiye ninayeushika huo ufagio mnaoujadili. Kati ya mgeni anayetoka na anayeingia huwa nina saa nne, na muda hauliwi na kufagia. Unaliwa na nywele zilizonasa kwenye kichujio cha bafu, mafuta yaliyoganda nyuma ya vitufe vya jiko, na foronya yenye wanja ambayo lazima ilowekwe kabla ya kufuliwa.

Ada anayotajiwa mgeni na malipo yanayofika mkononi mwangu havilingani. Siku moja mgeni aliyechelewa kutoka alinionyesha risiti yake, na ada iliyoandikwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilicholipwa. Mwenye nyumba alisema iliyobaki ni ya sabuni, dobi, karatasi za chooni na kamisheni, yaani asilimia inayokatwa na jukwaa. Huenda ni kweli, kwa sababu kamisheni hukatwa kwenye ada ya usafi kama inavyokatwa kwenye bei ya usiku. Hata hivyo, mleta mada, usiombe ada hiyo imezwe. Ikiwa imeandikwa peke yake ninayo namba ya kuanzia mazungumzo. Ikimezwa ndani ya bei, hata kuuliza sitaweza.

Mleta mada

Nakiri kwamba hesabu ya mwenyeji imenitikisa, na hoja ya msafishaji sikuwa nimeifikiria kabisa. Nalegeza msimamo, ila kwa sharti moja. Ada ikiitwa ya usafi, jina hilo limfunge mwenyeji: isizidi kile usafi unachogharimu, na mgeni aliyeilipa asikabidhiwe ufagio. Mwenyeji anayetaka kuongeza faida yake ana uhuru wote wa kupandisha bei ya usiku, ambako mgeni anajua kwamba analipia faida pia. Ninachokikataa ni kuipitisha faida mlango wa nyuma kwa jina la sabuni. Ndugu mwenyeji, uko tayari ada yako ilingane na unachomlipa anayekusafishia?

Mchangiaji wa kwanza (mwenyeji)

Malipo ya msafishaji na dobi, ndiyo, senti kwa senti. Sabuni na karatasi naweza kuzirudisha kwenye bei ya usiku, maana anayekaa zaidi hutumia zaidi. Panaponikwamisha ni kamisheni. Nikitoza kile kile ninachomlipa msafishaji, jukwaa likakata asilimia yake, fungu la msafishaji litafika likiwa pungufu. Pengo hilo alibebe nani?

Mchangiaji wa tatu (msafishaji)

Mpange ninyi wawili. Mimi nimeshabeba ndoo.