Mrejesho: Baiskeli ya changarawe bonde la Mosel

Wadau, niliuliza kama matairi ya milimita 40 yanatosha Mosel, Ujerumani, na kama nipite kando ya mto au juu vilimani. Nimerudi jana. Yametosha, na aliyenishauri nipunguze upepo kidogo Mungu ambariki: njia za kwenye mizabibu zimejaa vipande vya sleti, yaani mawe bapa, vinateleza.

Kando ya mto ni lami na tambarare. Raha iko juu. Kutoka Bernkastel hadi Traben-Trarbach mto unazunguka mbali. Mimi nikakatiza kilimani, msituni, jasho likanitoka hasa. Halafu kijiji cha Bremm! Mteremko wa mizabibu ya Calmont unafika nyuzi 65. Nilikaa pale saa nzima nikiutazama mto unavyojipinda. Asanteni sana, ndugu zangu.