Printa inasema oflaini kila umeme ukikatika na kurudi, mwenzenu nimechoka

Ticha_Mbagala
Wakuu habari za usiku, naombeni msaada maana hapa nilipo nataka kulia. Nina printa ya waifai, ile ya wino wa kujaza, iko sebuleni, laptopu yangu ni Windows 10. Siku za kawaida inaprinti bila shida kabisa lakini umeme ukikatika, hata kwa dakika kumi tu, ukirudi laptopu inaniambia printa iko oflaini, nazima nawasha printa, nazima nawasha rauta, wapi! Na intaneti kwenye laptopu ipo, YouTube inacheza freshi, kwa hiyo sio kwamba mtandao hamna. Kinachonichosha zaidi simu ya baba watoto inaprinti muda huohuo, yani yeye anatoa ratiba ya ligi mimi mtihani wa form two umekwama. Halafu kuna asubuhi naamka nawasha laptopu inakubali yenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Juzi ndo ilikuwa kiboko. Nilibonyeza printi kama mara sita kwa hasira, kila mara kopi 40, haikutoka hata karatasi moja, nikalala. Asubuhi najiandaa nikafungua laptopu kuangalia kitu, printa ikaanza kutema karatasi yenyewe, mtihani uleule, ikaishiwa karatasi ndo ikanyamaza. Karatasi zenyewe nanunua kwa hela yangu jamani.

Chalii_wa_Kimara
Futa draiva, ile programu ya printa kwenye laptopu, weka upya, ndo dawa yake hiyo

Ticha_Mbagala
@Chalii nimefanya hivyo mara nne mdogo wangu, ndo maana sasa hivi kwenye orodha nina printa nne jina moja, ya kwanza, Copy 1, Copy 2, Copy 3, na zote oflaini.

MzeeWaWaya
Mimi niliachana na hayo mambo zamani. Chomeka waya wa USB maisha yaendelee, waifai ya printa ni urembo tu.

Ticha_Mbagala
Mzee wangu printa iko sebuleni, mimi naandikia chumbani watoto wakishalala, huo waya utavuka korido nzima wanikwae nao usiku.

FundiRauta
Ticha usifute kitu kingine kwanza. Kama simu inaprinti basi printa ni nzima na rauta ni nzima, ugonjwa uko kati ya laptopu na printa. Nifanyie hivi, umeme ukishakatika na kurudi na shida ikiwepo, usirestati chochote. Nenda kwenye printa utoe ile karatasi ya taarifa za mtandao, printa nyingi zina kitufe cha i au cha waifai unakishikilia kidogo inatoka, kwenye karatasi tafuta IP ya printa, yani namba yake ya anwani kwenye mtandao. Halafu kwenye laptopu fungua Command Prompt andika ipconfig, bonyeza enta, uniletee namba ya IPv4, ndo ya laptopu yenyewe, na ya Default Gateway, ndo ya rauta iliyoungwa nayo. Hizo namba zinaanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, hata ukizianika hapa hakuna mtu wa nje atakuingilia nazo.

Ticha_Mbagala
Umeme umekatika saa mbili usiku kama kawaida yake umerudi saa tatu kasoro, printa oflaini. Karatasi imetoka inasema 192.168.100.7. Laptopu inasema IPv4 192.168.8.101 na hiyo geti sijui nini ni 192.168.8.1

FundiRauta
Hapohapo! Angalia fungu la tatu la hizo namba, printa ni 100, laptopu ni 8. Hizo ni rauta mbili tofauti, laptopu yako haiko kwenye waifai ya nyumbani kabisa. Swali la uchokozi, hapo ndani hakuna kimodemu cha laini, kile cha mfukoni chenye betri?

Ticha_Mbagala
Weee umejuaje?? Kipo, cha mdogo wangu anasoma chuo, kinakaa mezani kwangu muda wote kwa sababu chumbani ndo kunashika mtandao vizuri.

FundiRauta
Basi mchawi ndo huyo. Umeme ukikatika rauta ya faiba inazima, laptopu ina betri haizimi, inatafuta waifai nyingine inayoijua, inakikuta kimodemu nacho kina betri, inahamia huko. Umeme ukirudi rauta inawaka, printa inawaka na kurudi kwenye rauta yake, ila laptopu haina haraka ya kurudi kwa sababu pale ilipo intaneti inapata. Ndo maana YouTube inacheza. Simu ya shemeji haijui paswedi ya kimodemu kwa hiyo haina pa kuhamia, inasubiri tu rauta. Na asubuhi kimodemu kikiwa kimeisha chaji laptopu inawakia kwenye waifai ya nyumbani, printa inaonekana, kazi zote zilizokuwa zimepanga foleni zinatoka kwa mpigo.

Cha kufanya, rudi kwenye waifai ya nyumbani, halafu kwenye ile ya kimodemu toa tiki ya "Connect automatically". Ukikihitaji utaunga kwa mkono.

Ticha_Mbagala
Yani nimenunua wino, nimemlipa kijana wa steshenari aje kuangalia, kumbe kimodemu!! Nimetoa tiki, imekubali hapohapo. Ila kwenye foleni bado kuna kazi mbili za juzi zimegoma kufutika, nikibonyeza futa inaandika inafuta mpaka kesho.

Chalii_wa_Kimara
Hiyo naijua mimi sasa 😂 Andika services.msc kwenye sehemu ya kutafutia, tafuta Print Spooler, ndo inayosimamia foleni ya kuprinti, iklik kulia bonyeza Stop. Halafu nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, vyote vilivyomo ndani futa, usifute folda yenyewe, kisha rudi uistati. Na zile Copy 1 mpaka 3 ziondoe, baki na moja.

Ticha_Mbagala
Imesafika. Asante mdogo wangu, kumbe na wewe umo.

Nuru_wa_Tanga
Samahani Ticha nakudandia. Mimi simu na laptopu ziko rauta moja ila printa haiioni waifai kabisa tangu tubadilishiwe rauta. Paswedi naijua, jina la waifai kwenye kioo cha printa halitokei.

FundiRauta
@Nuru hiyo yako nyingine. Printa nyingi za nyumbani zinasikia waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu, ya 5 GHz hazijui kama ipo duniani. Ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie kama 2.4 imezimwa, iwashe. Ikiwa ipo na bado printa inaringa, kwenye ulinzi wa waifai angalia kama imewekwa WPA3 peke yake, shusha iwe WPA2. Ukishaunga, simu ikiwa kwenye 5 na printa kwenye 2.4 za rauta moja zinaonana vizuri tu, usije ukadhani lazima zote ziwe huku au kule.

Nuru_wa_Tanga
Ilikuwa 2.4 imezimwa. Sijui nani alizima. Asante sana kaka.

Ticha_Mbagala
Wakuu nimerudi, msinicheke. Siku mbili ilikaa vizuri, leo umeme umekata na kurudi, oflaini tena! Laptopu iko waifai ya nyumbani nimehakikisha, 192.168.100.4. Printa karatasi inasema 192.168.100.12

FundiRauta
Juzi printa ilikuwa .7, leo .12. Rauta ikizima inaweza kusahau ilimpa nani namba gani, ikiwaka inagawa upya, anayewahi anapata. Laptopu yako bado inaita .7 ambayo labda sasa ni TV yako 😅

Dawa ni kuifungia printa namba yake. Fungua 192.168.100.1 kwenye brauza, jina na paswedi viko kwenye stika chini ya rauta, tafuta sehemu ya DHCP, ndo ya kugawa namba, kuna mahali unaandika MAC ya printa, yani kitambulisho chake cha kiwandani, ipo kwenye ileile karatasi, unaipa namba moja ya kudumu, mfano .50. Wengine wanaandika namba kwenye printa yenyewe, nayo inafaa, ila chagua namba iliyo nje ya zile rauta inazogawa, la sivyo siku moja vitu viwili vitapewa namba moja vianze kugombana. Ukimaliza zima printa uwashe, toa karatasi uone kama imekuwa .50.

Halafu kwenye laptopu nenda Printer properties, upande wa Ports, yani njia laptopu inazopitia kufika kwa printa. Ukikuta imetikiwa poti imeandikwa WSD, bonyeza Add Port, chagua Standard TCP/IP, weka hiyo .50. Kisha Configure Port, utaona "SNMP Status Enabled", toa tiki. Hiyo SNMP ni salamu Windows inaitumia printa kuuliza kama ipo, sasa kuna printa hazijibu, basi Windows inaamua imekufa wakati iko hai inakusubiri.

MzeeWaWaya
Yote haya na waya ungekuwa umeshaprinti 🙄

Ticha_Mbagala
Mzee nawe! Nimefanya, MAC nilikosea herufi moja nikarudia, B na 8 kwenye karatasi hiyo zinafanana. Sasa hivi ni .50. Ngoja TANESCO wanifanyie majaribio, sina wasiwasi watayafanya.

Ticha_Mbagala
Mrejesho: jana umekatika mara mbili, mara ya pili nikiwa katikati ya kuprinti. Uliporudi nikasubiri rauta iwake kama dakika tatu nne hivi, printa ikaonekana yenyewe, nikaprinti zilizobaki kuanzia karatasi ya 23 ilipoishia, hakuna kopi za ziada. Mdogo wangu nimemwambia kimodemu akae nacho chumbani kwake. FundiRauta ubarikiwe, ukipita Mbagala njoo ule.

FundiRauta
Pamoja Ticha. Uniwekee maharage ya nazi.