Kumwacha mwajiri aliyenidhamini baada ya miezi saba: je, kadi ya ukaazi iko salama?

Muuguzi wa Texas anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni muuguzi kutoka Kenya. Kampuni moja yenye nyumba za kutunzia wazee ilinidhamini katika kundi la EB-3 (viza za ukaazi zinazotolewa kwa udhamini wa mwajiri), nikahojiwa ubalozini Nairobi, na nikaingia Marekani na mume wangu na watoto wetu wawili. Kadi zetu za ukaazi wa kudumu zilitufikia kwa posta baadaye. Nimefanya kazi miezi saba. Mkataba unataja saa 36 kwa wiki, lakini tangu mwezi wa nne napangiwa saa 24, na hospitali ya jirani imenipa nafasi ya uuguzi. Nilipomdokezea msimamizi wangu, alisema kwamba kadi ile ni mali ya kampuni, kwamba nikiondoka kabla ya miaka mitatu itafutwa, na kwamba nitalipa dola 15,000. Mwenzangu wa zamu naye ananihakikishia kuwa siku 180 zikishapita niko huru. Nimsikilize nani? Na mume wangu, anayeendesha lori, je, yeye anaguswa?

Mkaazi wa Minnesota:

Dada, pole. Msimamizi wako amechanganya mambo mawili, kadi na deni, na nadhani amefanya hivyo makusudi. Kadi umepewa na serikali, na kampuni haiwezi kuifuta kwa barua. Ukaazi wako hauwezi kuondolewa bila serikali yenyewe kukufungulia shauri, nawe ukapewa nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu wa uhamiaji. Hakuna sheria inayotaja idadi ya miezi unayopaswa kukaa kwa mdhamini. Kinachoangaliwa ni nia: siku ulipoingia, je, ulikusudia kweli kumfanyia kazi aliyekudhamini, na yeye alikusudia kukuajiri? Mtu anayeacha kazi wiki ya pili anajitafutia maswali. Aliyefanya kazi miezi saba, kisha akakatiwa saa zake, ana maelezo yanayoeleweka. Mume wako alikuwa huru kufanya kazi popote tangu siku ya kwanza, ila kadi yake imesimama juu ya yako, kwa hiyo ushahidi utakaoutunza unawalinda nyote.

Mzee wa Ohio:

Naomba nisahihishe hilo la siku 180, kwa sababu nalisikia kila mahali, hata msibani. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 inamhusu mtu aliye ndani ya Marekani ambaye fomu yake ya I-485, yaani ombi la kadi ya ukaazi, imekaa siku 180 bila kuamuliwa: huyo anaweza kuhamia kazi ileile au inayofanana nayo, na ombi lake likaendelea. Wewe ulipitia ubalozini na kadi unayo tayari, kwa hiyo hesabu hiyo si yako. Mawakili wengi hushauri miezi sita hadi mwaka mmoja kwa mdhamini, lakini huo ni ushauri wa tahadhari tu.

Mimi niliondoka baada ya miezi minane. Nilipoomba uraia kwa fomu ya N-400, ambayo hudai orodha ya kazi zote za miaka mitano, afisa aliweka kidole kwenye mstari wa mwajiri wangu wa kwanza akauliza kwa nini sikudumu. Nilimpa hati za mshahara, fomu za W-2 (taarifa za mwaka za mshahara na kodi) na barua yangu ya kuacha kazi. Alizipitia, akarudisha bahasha, tukaendelea na maswali ya historia.

Karani wa sheria, New York:

Dola 15,000 ni suala la mkataba, nalo lisidharauliwe, kwani unaweza kushtakiwa kwa deni hata kama kadi yako iko salama. Hata hivyo, mahakama hutofautisha fidia ya hasara halisi na adhabu ya kumtia mfanyakazi hofu. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliyoko Brooklyn iliamua, katika kesi ya wauguzi kutoka Ufilipino, kwamba kifungu cha kuwatoza hadi dola 25,000 kwa kuondoka mapema kilikuwa adhabu isiyotekelezeka, na kwamba kuwatisha nacho kulivunja sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Mkataba wako unaweza kuwa chini ya sheria za Texas, kwa hiyo usijiamulie mwenyewe: mpelekee wakili wa masuala ya kazi pamoja na ratiba za zamu, kabla hujaandika notisi. Na ukihama nyumba, ijulishe idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10.

Muuguzi wa Texas:

Nawashukuru sana. Jana usiku nilipiga picha ratiba zote zilizobandikwa kwenye chumba cha wauguzi, tangu mwezi wa nne hadi sasa. Wakili nitamwona Alhamisi. Hospitali imekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi.