Papa anasema komyuniti koleji siyo chuo, nijitoe niingie weahausi?

BintiNyarugusu

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Mimi Mkongo, kwetu Fizi ila nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu na ndiko nilikokulia mpaka tukapata safari ya Marekani, nikatupwa hai skuli na Kingereza cha kuokoteza maana kambini tulisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Nikamaliza hivyo hivyo. Saa hii niko komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili, hapa Kentucky, semesta ya pili, kwetu hakuna aliyewahi kusoma chuo cha hapa kabla yangu.

Shida iko nyumbani. Papa alikuwa mwalimu Kongo, ana D6 yake ya ualimu (diploma ya kumaliza sekondari), kwake masomo ni kutoka asubuhi na madaftari unarudi jioni, sasa akinikuta Jumanne saa nne niko sebuleni na laptopu anasema hii siyo shule ni mchezo. Tena amesikia koleji yenyewe inachukua kila mtu (kweli, hakuna mtihani wa kuingia) na mtoto wa jirani yuko yunivasiti, basi mie naonekana nimeshindwa. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, yuko weahausi (ghala la mizigo) dola 19 kwa saa, anasema shifti ya usiku nafasi ipo, njoo tusaidiane kodi. Na ni mimi ninayempeleka mama hospitali kumtafsiria, barua za fudi stempu (msaada wa chakula wa serikali) zote mimi, profesa yeye anachojua ni kwamba sikuja darasani.

Kilichonimaliza ni hiki, nimepangiwa Kingereza cha wageni na hesabu za chini na adivaiza (mshauri wa masomo) anasema yote mawili hayahesabiki kwenye digrii. Nasoma, nafanya homuweki, krediti sifuri! Na kwenye hesabu nina D. Fomu ya kujitoa iko kwenye simu tayari. Nijaze?

Mbeba_Boksi_Mstaafu

Marahaba mdogo wangu. Usijaze kitu leo, kwanza tuongee hela.

Nadhani unalipiwa na Pell Grant, ule msaada wa serikali ambao haurudishwi, kwa 2024–25 mwisho wake ulikuwa dola 7,395 kwa mwaka. Ukijitoa madarasa yote kabla ya asilimia 60 ya semesta kupita, sehemu ya ile hela inahesabiwa hukuistahili, chuo kinairudisha halafu kinakugeuzia deni wewe. Na deni likikaa hapo mwakani hawakuandikishi. Ukitoa darasa moja tu ni habari nyingine, unapata W (alama ya kujitoa), haishushi wastani wako, ila inahesabiwa kama darasa ulilolianza hukulimaliza. Vyuo vingi vinataka umalize kama asilimia 67 ya unayoyaanza na wastani usiwe chini ya 2.0, ukishuka wanakupa onyo halafu msaada unakatwa. Na angalia usiteremke chini ya krediti 12 maana hapo wewe siyo fulltaimu tena na Pell inapungua.

Hayo madarasa yasiyohesabika yanauma, najua, ila yanahesabika kwenye hizo 12, na Pell inayalipia. Swali la kumuuliza adivaiza ni kama unaweza kurudia ule mtihani wa kupangiwa madarasa, au kama wana hesabu ya kawaida yenye saa za ziada za msaada pembeni, siku hizi vyuo vingi vimehamia huko. Wengi wetu tulifanya ule mtihani bila kujiandaa tukidhani ni fomaliti. Hakuna aliyetuambia, na nani angetuambia?

WanjaRN

Aki wewe tulia. Mimi niko Minnesota, nilikuja na gredi nzuri za Kenya nikidhani hao watu wa komyuniti koleji ni wale wamefeli. Nilianzia CNA, msaidizi wa manesi, kwa nyumba ya wazee nikiosha watu usiku, mchana darasa, nikapita LPN (nesi wa ngazi ya chini), saa hii ni RN, nesi kamili, na digrii ni ile ya miaka miwili tu. Mtihani wa leseni, NCLEX, ni huo huo mmoja anafanya yule wa digrii ya miaka minne. Mgonjwa hakuulizi ulisoma wapi. Lakini nisikudanganye, kuingia koleji ni rahisi, kuingia ile programu ya unesi ndani ya koleji ni vita, wanaangalia gredi za anatomia na nafasi ni kidogo. Kwa hivyo hiyo D ifanyie kazi saa hii. Enda kwa mwalimu saa zake za ofisi. Mimi semesta nzima nilidhani saa za ofisi ni wakati mwalimu yuko bize na hataki kusumbuliwa, maze, kumbe amekaa hapo anangoja wanafunzi!

FundiDallas

Ngoja niwe mbaya kidogo. Nyie mnamtia moyo lakini wapo watu nawajua wanazunguka hizo koleji miaka, leo biashara kesho kompyuta, Pell ina kikomo chake (semesta 12 za fulltaimu maisha yote) inaisha na cheti hawana. Binti hujasema unasomea nini. Kama hujui, bora umfuate kaka yako au chukua kozi ya uchomeleaji au viyoyozi hapo hapo koleji, unatoka na kitu mkononi. Dola 19 siyo matusi.

BintiNyarugusu

Nataka kuwa mtu wa maabara, wale wanaopima damu. Nilikuwa naona aibu kuandika.

FundiDallas

Haya, hapo sawa. Basi baki. Ila shifti ya usiku na hesabu haviendi pamoja, mwambie kaka yako wikendi tu.

MzeeWaUvira

Binti, mimi mzazi, watoto wangu watatu wamepita hiyo njia, na mimi mwenyewe nilisema maneno kama ya papa yako. Sisi tuliosomea Kongo hatujui neno komyuniti koleji, lakini tunajua graduat na lisansi. Zamani kwetu ulikuwa unafanya graduat miaka mitatu, unapata karatasi yako, halafu mwenye nguvu anaendelea lisansi miaka miwili. Basi mwambie papa hivi: niko graduat, hapa ni miaka miwili, krediti kama 60, halafu naenda lisansi yunivasiti miaka miwili mingine. Mwalimu wa D6 ataelewa palepale. Usimweleze kwa Kingereza cha chuo. Chapa ratiba ya masomo, karatasi yenyewe, weka mezani. Mwalimu anaheshimu karatasi.

Na unamhitaji. Kama hujafika miaka 24, fomu ya FAFSA ya mwakani (ile ya kuombea Pell) papa lazima aingie kwa akaunti yake yeye akubali mambo ya kodi yake yaonekane. Kwetu hapo ndipo vita ilipoanzia, mtu aliyeishi kambini hatoi habari zake kwa serikali hivi hivi. Anza kuongea naye mapema, kwa kawaida inafunguliwa Oktoba 1.

Kitu kingine, uliza hapo chuoni kama kuna ofisi ya TRIO. Ni mradi wa serikali wa wanafunzi ambao wazazi hawana digrii ya miaka minne, wenye kipato kidogo, au wenye ulemavu. D6 siyo digrii, kwa hiyo papa ni mwalimu na wewe bado unahesabika. Wana watu wa kukufundisha hesabu bure.

BintiNyarugusu

Nimerudi. Ofisi ya TRIO ipo, iko ghorofa ya chini karibu na maktaba, nimepita hapo kila siku nikidhani ni ofisi ya wafanyakazi. Nimepewa mtu wa hesabu Jumatatu na Alhamisi. Kingereza nitarudia mtihani mwezi ujao.

Papa nimemwekea karatasi mezani nikasema graduat. Akavaa miwani akaisoma yote, kimya, halafu akauliza "na lisansi utaifanyia wapi?" Sikuwa na jibu hahaha. Sasa nauliza nyie, krediti zote zinahama au kuna zinazobaki njiani?

Mbeba_Boksi_Mstaafu

Zinabaki njiani nyingi kama hukupanga. Chagua yunivasiti sasa hivi, ya serikali ya jimbo lako kwanza maana nyingi zina makubaliano na komyuniti koleji, halafu uliza orodha ya kozi wanazopokea kwa fani yako. Kemia na bailojia hasa, zipo za watu wa sayansi na zipo za kujaza krediti tu, majina yanafanana. Usijiandikishe kozi ya semesta ijayo kabla hujaiona hiyo orodha kwa macho yako.